Hukuniambia Tumefika

Lango la Maji, Mfereji wa Nong Plue
2 Oktoba 1997

Kwa wakubwa wa Chama cha Uokoaji, Phra Takhian,

Mimi ni mzima, kasoro mguu mmoja, na huo mguu ndio ulionipa nafasi ya kukaa na kuwaandikia.

Jina langu ni Wilawan Khamsing. Tarehe tisa Julai, saa sita mchana, nilikuwa ndani ya ile pikapu ya abiria iliyopinduka kilomita ya thelathini na nane, mvua ikimwagika. Tulikuwa saba. Watatu walikufa. Mimi nilitupwa kwenye mtaro wa shamba la mpunga na mmoja wenu akanitoa. Hospitali ya mkoa walinikata mguu wa kushoto chini ya goti, wakaniachia vingine vyote, na ninavitumia.

Namtafuta huyo aliyenitoa. Sura yake sikuiona, lakini sauti nilisikia. Alikuwa akisema nami njia nzima. Sauti nzito, ya upole, ya mtu asiye na haraka. “Dada, njoo twende. Panda gari, usibaki hapa peke yako.” Kisha: “Dada, tunakata kulia.” “Dada, tunavuka daraja, usiogope maji.” Nililala hospitali wiki saba na hakuna daktari wala nesi aliyenisemesha hivyo. Wao walikuwa wanasema geuka, funua, meza.

Kazi yangu ni kusoma kina cha maji hapa langoni, asubuhi, mchana na jioni, na kukiandika daftarini. Kazi hii imeniharibu, kwa sababu jambo lisiloandikwa linaninyima usingizi. Nyumbani wananiita Tukkae, yule mjusi mkubwa wa ukutani, maana tangu utotoni nikianza kupiga kelele za kuuliza sinyamazi. Basi nauliza. Huyo mtu ni nani? Anapenda kula nini nimpelekee? Na kwa nini mwisho wa safari alinyamaza ghafla? Aliniambia kila kona na kila daraja, lakini hakuniambia tumefika.

Wenu,
Wilawan (Tukkae)


Phra Takhian
14 Oktoba 1997

Dada Wilawan,

Barua yako ilibandikwa ukutani ofisini. Mwenzangu Sanit akaibandua akaniletea nyumbani.

Mimi ndiye. Nimefurahi kwamba uko hai. Sikujua. Sisi tukishafikisha mtu hatuambiwi kilichompata, na hatuna desturi ya kuuliza.

Chakula usilete. Mtu yeyote wa chama angefanya vilevile. Kwa sasa nimepumzika kazi, mgongo unanisumbua.

Pole kwa mguu.

Prayong Thongyu


Lango la Maji
19 Oktoba 1997

Kaka Prayong,

Kumbe una jina! Nimelisoma kwa sauti mara tatu, mpaka ndege wa langoni wakaruka. Pole kwa mgongo. Mimi nina kidole gumba kinachowasha, nacho hakipo. Nikikikuna nakuna hewa, na mama ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Sasa vumilia, umeshamfungulia Tukkae mlango. Nina maswali manne.

La kwanza ni harufu. Garini mlikuwa na harufu ya udi, ule wa vijiti, nina hakika kama ninavyojua harufu ya mama yangu. Gari la uokoaji linachoma udi wa nini?

La pili, kwa nini sikuona kitu? Nilikuwa na macho mawili nilipopanda pikapu, na nilipoamka hospitali yalikuwepo yote mawili.

La tatu ndilo limenitoa nyumbani. Jumapili nilikodi bajaji, nikajipakia na magongo yangu mpaka kilomita ya thelathini na nane. Dereva alidhani nakwenda kuweka maua. Nikamwambia nipeleke hospitali ya wilaya. Ukikata kushoto ni dakika sita, na njiani hakuna daraja hata moja, Kaka. Nikamrudisha, nikamwambia sasa kata kulia, mpaka hospitali ya mkoa. Dakika arobaini na moja, madaraja matatu. Wewe uliniambia madaraja mawili. Nilikuwa nimevunjika lakini sikuwa nimesahau kuhesabu. Basi kwa nini tulikata kulia? Na daraja la tatu lilikwenda wapi?

La nne ni lilelile la mwanzo. Kwa nini ulinyamaza?

Simshitaki mtu. Nauliza kama ninavyouliza maji yanapopanda na mvua haijanyesha. Maji hayapandi bure.

Wako,
Tukkae


Phra Takhian
30 Oktoba 1997

Dada Wilawan,

Udi ni dawa ya mbu. Macho yako yalikuwa yamevimba. Hospitali ya wilaya ilikuwa imejaa. Nilinyamaza kwa sababu koo lilikauka.

Nimejibu yote. Tafadhali usiandike tena.

Prayong


Lango la Maji
4 Novemba 1997

Kaka Prayong,

Mbu, saa sita mchana, kwenye mvua ile? Wangekuwa wanaogelea.

Mama alinifikia jioni ileile. Anasema nilikuwa nimechubuka mwili mzima isipokuwa usoni, macho yangu meupe kama tunda la longan lililomenywa. Na jana nilikwenda tena hospitali ya wilaya. Nesi wa zamu ni mtu mcheshi, akanifungulia kitabu chao cha Julai. Tarehe tisa walikuwa na wagonjwa watatu tu, na paka aliyezaa stoo.

Kaka, wewe ni mwongo mbaya sana. Nakusifu kwa hilo. Waongo wazuri wamefanya mazoezi.

Lakini acha nikuambie kwa nini nang'ang'ania, usije ukadhani ni umbea mtupu. Nimerudi kazini mwezi sasa. Nasimama na magongo yangu, nasoma kipimo, naandika mita moja na nukta sabini, na mikono inafanya kazi yake kama kawaida. Ila mimi sipo. Watu wananisemesha nawasikia kwa mbali, kama niko chini ya kitu. Nahisi bado niko njiani, nimelala mahali, nasubiri mtu aniambie tumefika. Wewe peke yako ndiye unayejua safari ile. Ukininyima, nimwulize nani?

Tukkae


Phra Takhian
10 Novemba 1997

Kwako Bibi Wilawan,

Hunijui. Mimi ni Bunruean, mke wa Prayong, nauza uji wa wali kila asubuhi mbele ya stendi. Nakuandikia yeye hajui.

Nisikufiche. Barua yako ya kwanza kuletwa nyumbani na posta, nilipoona mwandiko wa kike nilisema, haya, nyumba ndogo hiyo. Nikaifungua kwa mvuke wa sufuria ya uji. Nikaona ni habari za mguu na madaraja. Nikasema, nyumba ndogo gani hii inayohesabu madaraja! Niwie radhi.

Mgongo wake mzima. Anainua gunia la mchele kwa mkono mmoja. Kazi ameacha tangu Julai, na wenzake wakimwuliza anasema mgongo, kwa sababu kwao mtu akisema kichwa, au moyo, wanamcheka. Miaka kumi na minne amebeba watu barabarani kwa kujitolea, kwa pikapu yake mwenyewe, kwa ajili ya thawabu. Alikuwa akirudi ananawa, anakula, anatania. Tangu siku ile hatanii. King'ora kikilia mbali anashika ukingo wa meza. Akila anaweka sahani ya tatu mezani, na sisi tuko wawili, mtoto wetu yuko Bangkok. Nilimwuliza ni ya nani, akasema, “Ya mgeni.” Hadi leo mgeni simwoni.

Na madaraja! Ndiyo maana nimeshtuka kuona umeyaandika. Tukivuka daraja anapunguza mwendo, anageuza shingo, anasema na nyuma ya pikapu, mahali hakuna mtu: “Tunavuka, Dada.” Wiki iliyopita alifika katikati ya daraja la pili akazima gari. Alikaa pale saa tatu nzima. Malori yanapiga honi, polisi wanakuja, yeye ameshika usukani tu.

Juzi nilimsomea barua yako kwa sauti, nikajifanya imefika ikiwa wazi. Kwenye paka alikaribia kucheka, nakuapia. Nilipofika pale uliposema bado niko njiani, aliinuka, akatoka, akaenda kufungua mlango wa nyuma wa pikapu. Akasimama pale na mvua. Nikamwita hakusikia.

Bibi, sijui ulimfanya nini au alikufanya nini. Ninachojua ni kwamba nampoteza mume wangu na yuko ndani ya nyumba. Usiache kumwandikia. Nakuomba hivyo mimi, ambaye mwezi uliopita nilitaka kuja kukuvuta nywele.

Bunruean


Lango la Maji
14 Novemba 1997

Wifi,

Ruhusu nikuite hivyo, kwa kuwa tumeshakosana na kupatana kabla ya kuonana.

Mimi sijamfanya kitu mumeo, na yeye kwangu amefanya wema ambao hataki kuusimulia. Hilo ndilo linalonishangaza. Watu huficha uovu. Nani anaficha wema?

Mwekee barua hii chini ya bakuli lake la uji, iliyokunjwa ndani ni yake. Ina mstari mmoja tu.

Tukkae

(Kaka Prayong, nieleze tulivyosafiri. Vyovyote ilivyokuwa, nilikuwemo, na safari ni yangu pia.)


Phra Takhian
23 Novemba 1997

Dada Wilawan,

Nimechana karatasi nyingi. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Tulifika pale mimi na Sanit kabla ya wengine wote. Nilitoa watatu. Watu wazima wawili, na msichana wa shule aliyekuwa na soksi moja. Kwa wale wengine nilikuwa mkavu kama kawaida yangu, lakini soksi ile niliitafuta. Niliitafuta matopeni dakika nzima huku watu wanalia barabarani. Sijui kwa nini. Halafu Sanit akaita kwamba kuna mwingine mtaroni, ndiye wewe.

Ulikuwa wa baridi, midomo myeupe, nusu ndani ya maji. Chama kinatufundisha kushika shingoni na kuhesabu mpaka sitini. Mimi nilishika kifundo cha mkono, kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa mvua, nikahesabu mpaka kumi. Mpaka kumi, Dada. Miaka kumi na minne nimewafundisha wengine sitini. Nikasema, “Huyu naye basi.” Majeruhi watatu waliobaki walichukuliwa na gari lililofuata, wakapelekwa kushoto, hospitali ya wilaya. Wewe nilikupakia na wale watatu, nikakufunika shuka jeupe mpaka juu ya kichwa, nikawasha udi. Tukakata kulia, kwa sababu kulia ndiko kuliko chumba cha maiti.

Unajua desturi yetu. Aliyekufa barabarani lazima aitwe, la sivyo roho yake inabaki palepale kilomita ya thelathini na nane, inalia. Unamwambia njoo, panda gari, unamtajia kila kona, na kila daraja unamwambia asiogope maji. Ukifika unamwambia, tumefika, shuka. Ndivyo nilivyofanya. Maneno uliyoyapenda ni maneno ya maiti.

Tulipopita daraja la pili nilikuwa nimekaa nyuma nanyi, nimeshika udi. Nikaona shuka linaingia mdomoni mwako na kutoka. Nikadhani upepo. Likaingia tena. Nikalifunua, ukakohoa maji.

Nilipiga kioo, Sanit akawasha king'ora, tukaruka mashimo yote mpaka hospitali. Nilikushika kichwa, nikataka kusema nawe kama mtu hai, nikatafuta neno moja, sikulipata. Najua kusema na wafu. Kusema na walio hai nilishasahau. Daraja la tatu tulilivuka nikiwa bubu.

Hospitali walikubeba, mimi nikabaki nimekaa. Wale watatu niliwaambia tumefika, shukeni, wakashuka kwa amani. Wewe niliyekuita kwa maneno ya wafu sikukuambia ushuke, maana hukuwa mfu, na sikujua sasa nimemwita nani. Tangu siku hiyo kuna mtu nyuma ya gari langu. Nikila yupo. Nikilala anasubiri.

Dakika sita kushoto. Nilikupeleka arobaini na moja kulia, nimekufunika uso. Mguu wako nimeukata mimi.

Usinijibu kama huwezi.

Prayong


Phra Takhian
15 Desemba 1997

Wifi,

Wiki tatu. Kila siku saa nne anasimama mlangoni kumsubiri tarishi, na tarishi ameanza kupitia uchochoro wa nyuma kumkwepa.

Ameniambia yote, kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumlaumu nikashindwa, nikalia tu. Sasa najua sahani ya tatu ni ya nani.

Huna wajibu wowote kwetu. Ila kama una tusi, lipakie kwenye bahasha ulitume. Tusi nalo ni neno. Kinachommaliza ni kimya.

Bunruean


Lango la Maji
20 Desemba 1997

Kaka Prayong, na wifi yangu ambaye atasoma kwa mvuke hata ikiwa wazi,

Nilikuchukia siku kumi na nne kamili. Nina ushahidi. Daftari la serikali, pembeni ya kina cha maji, nimeandika: mita moja na nukta sitini, namchukia. Mita moja na nukta hamsini na tano, namchukia. Mkubwa wangu wa kazi aliuliza hicho ni kipimo gani. Nilivunja sahani mbili za mama. Nililia kwa ajili ya mguu wangu, ambao hospitali sikuulilia hata siku moja, nikawa nauita kwa jina kama mtoto. Kufunikwa uso, Kaka! Nilikuwa nikiamka nalivuta shuka kwa mikono miwili.

Siku ya kumi na tano niliandika kina cha maji peke yake. Jioni ndipo nikagundua nimesahau kukuchukia.

Nikaenda kwa daktari aliyenikata. Nikamwuliza, ningefika hospitali ya wilaya baada ya dakika sita, mguu ungepona? Akasema hajui. Nikakaa. Unanijua, sikuondoka. Akanieleza kuwa mfupa ulikuwa umesagika, kwamba wilaya hawana daktari wa upasuaji na huenda wangenihamishia mkoa vilevile, na huenda sivyo. Nikamwuliza tena. Akavua miwani akasema, “Bibi, kwa kweli sijui.” Basi hatujui. Mimi sijawahi kuchukia neno kama hilo, lakini ndilo lililoandikwa. Hutauchukua mguu wangu wote peke yako wakati daktari mwenyewe ameshindwa kukupa. Uliniibia sekunde hamsini za kuhesabu, hizo ni zako, na nakuwekea. Zaidi ya hapo huna chako.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe hulijui, kwa kuwa hukuwa chini ya shuka. Mimi nilikuwa nakwenda. Palikuwa pakimya na hapaumi, na nilikuwa sina swali hata moja. Mimi, Tukkae, sina swali! Ndivyo nilivyojua baadaye kwamba nilikuwa nakufa. Halafu mtu akasema, njoo twende, usibaki hapa peke yako. Nikajiuliza, twende wapi? Lilikuwa swali. Akasema tunakata kulia. Kwa nini kulia? Akasema tunavuka daraja. Daraja lipi? Nikaanza kuhesabu, Kaka, na anayehesabu hafi kirahisi. Mtu hai hakuna anayemwita hivyo. Ungenidhani mzima ungeniwekea bandeji, ungepiga kelele na Sanit juu ya kichwa changu, na mimi ningeendelea na safari yangu taratibu. Uliniita kama maiti nikaja kama mtu. Makosa yako yaliniumiza na makosa yako yaliniamsha, na sioni namna ya kuyatenganisha.

Ila la mgeni nyuma ya gari, hapo umekosea. Si mimi. Mimi niko hapa nasoma maji. Bibi yangu alisema mtu akishtuka sana khwan yake, ile roho inayomtia uhai, huruka, na yeye huenda zake bila hiyo, anakula, anaoa, anabeba wafu, yuko mtupu. Khwan inabaki imekaa palepale iliporuka. Yako nadhani imekaa mtaroni inatafuta soksi. Na umeita wafu wote wa barabara ile miaka kumi na minne, hakuna aliyekuita wewe.

Jumapili tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, njooni kilomita ya thelathini na nane. Wifi alete yai la kuchemsha, wali na uzi mweupe wa kukufunga mkononi isiruke tena. Sanit aendeshe. Mimi naja na wavu wa kuchotea samaki, niichote khwan yako kama alivyofanya bibi. Na Jumatatu yake utakwenda kwa daktari wa akili hospitali ya mkoa, nimeshauliza siku zake. Khwan ni kazi yetu. Usingizi na hofu ya king'ora ni kazi ya daktari. Sanit akicheka, mwambie nina magongo mawili.

Tukkae


Phra Takhian
4 Januari 1998

Mdogo wangu Tukkae,

Umeniagiza niandike hata yale uliyoyaona mwenyewe, maana lisiloandikwa halikulazi. Haya, andaa mahali daftarini.

Daktari kwanza. Ni mwanamke, kijana kuliko wewe. Nilimwambia mgongo. Akasema, “Sawa, tuanze na mgongo,” akanivutia kiti, na baada ya robo saa nilikuwa nimefika kwenye soksi. Amenipa vidonge, na nirudi kila Jumatatu. Hakuniahidi kitu. Alhamisi nililala kwa saa tano bila kuamka, jana kwa saa mbili tu. Sanit hakucheka. Aliniuliza kliniki iko mlango gani, akasema anauliza kwa ajili ya rafiki yake. Nimemwambia amwambie rafiki yake aje Jumatatu tufuatane.

Sasa Jumapili. Nilikuona unashuka kwenye bajaji na mguu mpya wa bandia na wavu begani, nikataka kurudi nyumbani. Bunruean alinishika mkanda wa suruali. Ulisimama ukingoni mwa mtaro ukaanza kuchota hewa. Lori la miwa likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa: “Dada, hapo hakuna samaki, wako mfereji wa pili!” Nawe ukamjibu, “Huyu ninayemvua hali chambo, kaa kimya!” Mtu mzima mimi nilicheka, Tukkae. Nilicheka mahali pale. Halafu ukaniita kwa jina langu lote, Prayong Thongyu, njoo twende, panda gari, usibaki hapa peke yako, na kicheko kikageuka kitu kingine, na mke wangu akanishika kichwa. Mlinifunga uzi. Bado uko mkononi, umeshakuwa wa rangi ya uji.

Ulinikalisha nyuma, mahali ninapowalaza wao. Ukakaa pembeni yangu, umekumbatia wavu kifuani kama una samaki kweli. Sijawahi kuiona njia ile nikiwa upande huo. “Kaka, tunakata kulia.” Tulipokaribia daraja la kwanza mwili ulikakamaa, nikageuza shingo kutafuta nyuma yangu, na nyuma yangu ulikuwa ubao mtupu. “Tunavuka daraja, usiogope maji.” La pili vilevile. Daraja la tatu, lile nililolivuka nikiwa bubu, ulipiga bati kwa gongo ukapaza sauti hadi wavuvi wakaangalia juu: “La tatu, Kaka! Hili hapa! Lilikuwepo siku zote!”

Tukafika Phra Takhian, mbele ya nyumba yetu. Sanit akazima gari. Ukasema, “Kaka, tumefika. Shuka.”

Sikushuka, na ulidhani nimeshindwa. Niliona uso wako. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimekumbuka kwamba garini sikuwa peke yangu. Ndipo nikaweka vidole viwili shingoni kwako, ukashtuka, Bunruean akauliza, “Unafanya nini tena?” Nilikuwa nahesabu. Nilipita kumi. Nilipita thelathini, na ulikuwa umenyamaza kabisa, jambo ambalo mama yako hataliamini. Nilifika sitini.

Nikasema, “Dada Wilawan, tumefika. Shuka.”

Wewe ukalia kama mtoto, nami nikakupa mkono, tukashuka. Mezani Bunruean alikuwa ameweka sahani nne, na zote zilikuwa na watu.

Kakako,
Prayong